Maili za Suleman

Karani wa tiketi alimwekea fomu mbili mezani. "Safari yako hii ya Dubai ndiyo itakayoamua, Bwana Suleman. Ukienda na shirika hili, unapata kadi ya dhahabu. Ukienda na lile, maili zako za ndege zinatosha tiketi moja ya bure, na waweza kumpa mzazi. Ushaizunguka dunia mara tano, ati!"

Mara tano! Na kila safari mamake, ambaye hajapanda ndege maishani, alisimama mlangoni akaunyanyua msahafu, Suleman apite chini yake kwa baraka ya safari.

"Lile," akasema.

Mwezi uliofuata, kwenye mlango uleule wa nyumba yao ya Mji wa Kale, mama aliinama na sanduku lake la Umra.

"Nyanyua juu, mwanangu."

Suleman akaunyanyua juu ya kichwa cha mamake. Kumbe msahafu ni mzito hivi.