Cherehani ya Njambi

"Iache, mzee, nakuomba," Njambi alisema, mikono yote miwili imeng'ang'ania cherehani.

Mwanamume mwenye koti la kijivu hakuiacha. Alikuwa ameingia bila hodi, akapita katikati ya viti hadi mbele, karatasi mkononi. Vijana ishirini wakampigia makofi.

Walikuwa wakingoja mchezo tangu saa nane. Mwaka huo wa 1972, kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa pale Dagoretti Corner, Mwalimu Muchiri aliwafundisha vijana wa mshahara wa kwanza namna ya kukopa bila kujitia kitanzi. Juma hili aliahidi mchezo: msichana amekopa cherehani, dalali anakuja kuichukua. Njambi alichaguliwa kuwa msichana. Cherehani alileta yake mwenyewe, maana kanisa halikuwa nayo.

"Nani alikwambia niko hapa?"

"Mama yako."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Were, ambaye masomo ya pesa humletea usingizi, alikaa wima.

"Hii sahihi ni ya nani?" mwenye koti aliuliza, akimwonyesha karatasi.

"Yangu."

"Na umelipa miezi miwili tu kati ya sita."

Njambi akainamisha kichwa. "Ningojee mwisho wa mwezi. Nimepata kazi ya kushona yunifomu za shule nzima. Ukichukua hii, wadogo zangu watakula nini?"

"Ulisoma kabla ya kuweka sahihi?" Were alipaza sauti kutoka nyuma. Hilo lilikuwa somo la juma lililopita, na wenzake wakaitikia kwa pamoja: "Soma kwanza!"

Njambi akawageukia. "Jameni, nisaidieni!" Alilia mpaka kamasi zikamtoka, wala hakujifuta.

"Huyu anajua!" Caren alinong'ona, naye akipangusa machozi.

Mwenye koti alimbandua vidole kimoja kimoja, bila hasira, kama mtu aliyeizoea kazi yake. Akaibeba cherehani, akatoka. Njambi alimfuata hadi mlangoni, akaketi sakafuni. Huko nje gari likawashwa, likaondoka.

Ukumbi mzima ulisimama. Were alipiga miluzi.

Walikuwa bado wanashangilia Mwalimu Muchiri alipoingia akihema, pamoja na kijana aliyevaa koti kubwa kuliko mwili wake.

"Niwieni radhi, tumechelewa. Huyu ni Ogutu, ndiye dalali wetu. Haya, Njambi, inuka, lete cherehani tuanze."