Kifaa cha Punda

Si zamani sana, juzijuzi tu, Nyani mwenye shamba alimvika Punda kifaa shingoni.

"Ukisimama tu, simu yangu itaniambia, na jioni hupati majani."

Punda akabeba maji kutwa nzima, miguu ikawaka moto. Kesho yake alijaza pipa mapema, akamvika kile kifaa Mbuzi asiyejua kutulia, kisha akajilaza kivulini.

Adhuhuri Nyani akaja, macho kwenye simu, akajikwaa kwa Punda.

"We Punda! Mbona umelala?"

"Kwani simu inasemaje, bosi?"

"Inasema uko mlimani, unachapa kazi kuliko jana."

Nyani akamtazama Punda, akaitazama simu, akaiamini simu. Akaukwea mlima kwenda kumpongeza.

Punda akageukia ubavu wa pili.