Msitu Usio na Adui

Mlinzi wa msitu alikuwa anakata mti wa tisa, na kabla ya kila pigo la shoka alinong'ona kuomba radhi.

Hakujificha. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, barabara iko hatua ishirini tu, na kijiji kizima kilikuwa kazini pamoja naye, kila nyumba mtu mmoja, kama mkutano ulivyoamua. Fundi cherehani, ambaye maishani mwake hakuwahi kuangusha chochote kizito kuliko mkasi, alikuwa analizunguka shina lilelile tangu kulipokucha.

"Shemeji," mke wa mlinzi akamuuliza, "huo mti unaukata au unauposa?"

Watu wakacheka. Mlinzi hakucheka. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameulinda msitu ule bila mshahara, kwa filimbi na miguu yake miwili. Kabla yake aliulinda baba yake, aliyelala barabarani na wenzake mbele ya trekta za kampuni ya mbao mpaka trekta zikageuza. Wenye misumeno walifukuzwa. Wenye kalamu, walipokuja, walipewa viti.

Mwenye kalamu alikuwa afisa wa wizara, kijana mpole aliyevaa buti safi. Alifika mwaka uliopita na sera mpya ya taifa. Nchi za viwanda zinachafua hewa, alieleza, na misitu yetu inaisafisha, basi wachafuzi watalipa. Kijiji kitakachopata mkataba wa hewa ukaa kitajengewa zahanati.

Aliposikia neno zahanati, mlinzi alimtazama binti yake. Mtoto wa kwanza wa binti huyo alizaliwa njiani, juu ya machela ya fito, saa sita za mwendo kabla ya kufika hospitali. Walimzika palepale kando ya njia, kisha wakageuka kurudi na mama yake.

Wakamtembeza afisa siku tatu. Alipima mashina kwa utepe, usawa wa kifua, akaandika, akasifu. Mwishoni akauliza ni nani anayetaka kuukata msitu huu. Mlinzi akamjibu kwa fahari kwamba hayupo, na akijitokeza atamjua yeye ni nani.

"Hapo ndipo penye shida, mzee wangu," afisa akasema. "Soko la hewa ukaa halinunui mti uliosimama. Linanunua mti ulionusurika. Msitu wenu hauna adui. Sasa tuandike mnauokoa na nini?"

Akafunga daftari. Mkataba ukaenda kwa kampuni ya mbao. Ndiyo, ileile. Ilikuwa na kibali cha kufyeka milima ya kaskazini, ikaapa kutofyeka, ikalipwa kwa kiapo. Waliolala mbele ya trekta hawakupata hata barua ya pole.

Kwa hiyo binti aliposhika mimba tena, mlinzi mwenyewe ndiye aliyesimama mkutanoni. Wanataka hatari, akasema, tuwape hatari. Ekari tano tu, kando ya barabara, zionekane mpaka kwenye picha zinazopigwa kutoka angani. Mkataba ukishatiwa saini, watazipanda upya kwa mikono yao. Bibi mmoja alitoka nje akilia. Wengine wote walinyoosha mikono, na mkono wa mlinzi ulikuwa wa mwisho kushuka.

Afisa alirudi, akapiga picha visiki, kisha akaweka meza kivulini kuchukua maelezo. Alihitaji jina la kila mkataji, kaya yake, na kama ana nia ya kuendelea. Watu wakapanga foleni kama wanaoandikisha harusi. Fundi cherehani, aliyekuwa ameangusha mti mmoja, tena kwa msaada wa upepo, alisisitiza aandikiwe arobaini, na kwamba hataacha mpaka uishe.

Mlinzi alikuwa wa kwanza. "Andika mimi ndiye hatari namba moja," akasema, akakandamiza dole gumba kwenye wino.

Afisa alimpa mkono, akauacha mkononi mwa mzee muda mrefu kidogo. "Safari hii ombi lenu litapita," akasema, na hakutabasamu.

Likapita. Waziri mwenyewe alitangaza redioni kwamba msitu ule umeingia mpango wa taifa, na hautaguswa tena kwa miaka arobaini. Binti alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imemvimba kiasi cha kushindwa kuvaa viatu. Wanaume walisawazisha kiwanja. Wanawake walibeba mawe na mchanga kutoka mtoni, wakabishana mlango wa chumba cha wazazi uelekee wapi. Mlinzi akakata kauli: uelekee nyumbani kwake, asije akachelewa kusikia kilio cha mjukuu.

Malori yalifika Jumanne, manane, yamefuatana. Kijiji kilikimbia kwenda kupakua saruji, fundi cherehani mbele na toroli la kuazima. Mlinzi akapanda gurudumu la lori la kwanza, akachungulia ndani. Akaenda la pili. Kwenye la tatu alikuta askari wawili wameketi, na nafasi tupu.

"Saruji iko wapi, mwanangu?"

Afisa alikuwa ameshafungua faili. "Mkataba ni wa kuondoa hatari msituni, mzee wangu," akasema. "Nanyi mliiandika wenyewe, jina kwa jina, kaya kwa kaya."

Kisha akaliona tumbo la binti, akaagiza huyo asipandishwe nyuma na wenzake. Akae mbele na dereva, maana barabara ni mbovu na safari ni ndefu.