Mume wa Celina

Kiatu kimoja cha Celina kilikuwa ndani ya ndoo ya mchele, na aliyekitia humo alikuwa ametulia sebuleni, mikono mapajani, akisikiliza taarifa ya habari kama mtu anayeelewa bajeti.

"Mume wangu," Celina aliita kutoka chumbani, "hujaona kiatu changu chekundu?"

"Kimoja au vyote?" akauliza Kaijage, na papo hapo akajua amejichongea.

Celina alicheka mpaka akakaa kitandani. Jirani yake Rahima, aliyekuja kumfunga kilemba, akaenda moja kwa moja jikoni na kurudi na kiatu, akikikung'uta punje.

"Shemeji wivu umemfikisha kwenye mchele," alisema. "Leo tutakula wali wenye harufu ya dansi."

Kaijage hakucheka. Angecheka vipi, wanawake waone pengo lake la mbele wapate la kuongezea? Yeye ndiye mwanamume pekee katika nyumba ile ya mtaa wa Kashai. Kiti chenye kitambaa cha kufuma ni chake. Samaki wakipakuliwa, wa kwanza ni wake, na Celina humtolea miiba kwa vidole vyake mwenyewe. Ukutani ipo picha ya harusi, na chini yake pameandikwa kwa wino wa bluu: Kaijage na Celina, 1981. Mtu akileta ubishi, yeye hunyoosha kidole tu.

Leo mke huyo anajipaka wanja aende kucheza na mwanamume mwingine, mchana kweupe.

Mwanamume mwenyewe ni Muksini wa Kagoma, kule Muleba, mpiga tarumbeta wa zamani. Kaijage alikuwa hajawahi kumwona, lakini alishamchoka, maana Celina hana hadithi ya mjini ambayo Muksini hayumo. Miaka ya sabini Bukoba ilikuwa na ukumbi karibu na ziwa, tarumbeta tatu jukwaani, wanaume kwa suruali za pekosi zilizofagia sakafu, na Muksini katikati. Vita vikaja, vikaisha, petroli ikaadimika, bendi ikasambaratika. Likaingia disko la kaseti na taa za rangi, na Muksini akawa mlangoni anakata tiketi. Baadaye ukumbi ukawa wa video za karate, halafu baa yenye meza ya puli. Siku hizi humo wanauza marumaru.

"Vijana wa leo," Celina humwambia akimkata kucha, "wanakwenda baa kutazama mpira, kila mmoja kainamia simu yake. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Sisi tulikuwa tunarudi vidole vimevimba."

"Na mimi nilikuwa wapi?" Kaijage huuliza kila mara.

"Wewe, mume wangu, ulikuwa hujafika bado."

Jibu hilo lilimkera kuliko tarumbeta. Mwanamume wa jirani unaweza kumfukuza kwa fimbo, lakini miaka ambayo hukuwapo utaifukuza na nini?

Na sasa wazee wa mjini wamekodi ukumbi, wanacheza zilipendwa kila Jumapili, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, kwa sababu magoti yamekataa kukesha. Kaijage aliomba kwenda. Celina akasema kelele zitamchosha, na saa tisa ndiyo saa yake ya kujinyoosha kidogo. Rahima atabaki naye, atampa uji akiamka. Uji, bwana mwenye nyumba. Alifikiria kuwafuata kimyakimya, ila katikati ilipita barabara kuu, na hiyo hakuruhusiwa kuivuka bila kushikwa mkono.

Lakini si dansi hasa lililomtia hofu. Juzi, wakidhani amesinzia, alimsikia Rahima akisema, "Huyo hatafuti dansi, anataka akuhamishie Kagoma." Alingoja Celina akatae. Celina akaendelea kukunja nguo. Tangu hapo usingizi wa Kaijage ukawa wa vipande vipande.

Hodi ilibishwa. Muksini akaingia, mrefu, kofia mkononi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kaijage akaugeuza uso wake kwenye redio.

"Mwenye mali kanuna," Rahima alinong'ona.

Muksini hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya Kaijage, akashusha sauti.

"Waitu, bwana wangu Kaijage. Mwaka themanini na moja nilichelewa kusema, Kaijage yule wa pichani akaniwahi. Safari hii sitaki kuzunguka nyuma ya nyumba. Nimekuja kukuomba mkeo."

"Wa kucheza naye?"

"Wa kukaa naye."

Redio iliendelea kusoma hali ya hewa. Celina alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama Kaijage tu, na Kaijage akaona kitu ambacho hakukitegemea: akisema hapana, basi itakuwa hapana. Celina ataingia ndani, atanawa wanja, atampikia kama kawaida, na hatamlaumu kamwe.

Alilifikiria hilo. Halikumfurahisha kama alivyodhani litamfurahisha.

"Utampeleka Kagoma?"

"Nitahamia mimi hapa."

"Unakoroma?"

Muksini akaikunja kofia yake, akaikunjua. "Sijui, mzee wangu. Miaka tisa nalala peke yangu."

Kaijage alinyoosha mkono, akazima redio, akamgeukia mgeni wake.

"Haya," alisema. "Lakini kesho chekechea atanipeleka yeye, si bibi."