Glavu za Mama

Siku hizi mwanafunzi wa ukunga huvaa glavu zilizohifadhi ujuzi na mguso wa mikono ya mkunga aliyefariki, zimwongoze mpaka afaulu. Atuganile alipewa za mama yake.

Siku ya mtihani alimpima mjamzito kwa mikono mitupu. Alijua kichwa cha mtoto kilipo, lakini akasema, "Sijakipata, Sista."

Sista Kapinga, mwalimu wake wa wodini, alimtazama. "Unakijua, mwanangu."

"Nikifaulu mtampa mwingine glavu za mama."

Mjamzito akashtuka. "Nesi, mtoto wangu ana nini?"

Atuganile akaona aibu. "Mzima, dada. Kichwa kiko hapa."

"Umefaulu," alisema Sista, akinyoosha mkono.

Atuganile alipozitoa glavu mfukoni, zilimshika vidole. Ilibidi Sista azibandue.