Mabuti Yenye Joto

Mabuti aliyokabidhiwa fundi mgeni yalikuwa bado na joto la miguu ya mtu mwingine.

Kwao kiwanda cha mwisho kilikuwa kimefungwa. Huku, ng'ambo ya mpaka, kazi ziliota kama uyoga, naye akazifuata.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Karudishwa kwao asubuhi hii. Alianza kudai nyongeza," msimamizi akajibu, akitabasamu. "Vaa, shemeji. Hapa mabuti hayalali njaa."

Mafundi wengine waliinamia mashine zao.

Fundi akatumbukiza mguu. Vidole vikagusa soksi iliyoachwa ndani, mbichi kwa jasho. Nani huondoka na soksi moja?

Nje, lori likashusha wageni wengine.

Msimamizi akawachungulia dirishani, kisha akaitazama miguu ya fundi.