Kiota Kimoja Tu

Zamani wanyama walipoanza kuvishana majoho ya usomi, Kanga, ndege mtiifu kupita kiasi, alitaka kufanya utafiti. Mayai yalikuwa yakipotea pori zima, naye akaamua kuchunguza ni nani anayeyala. Akapeleka mada kwa msimamizi wake, Mwalimu Kenge, msomi asiyepandisha sauti.

"Pana mno hii, binti yangu," alisema Kenge. "Pori zima utaliweza wapi? Chagua kiota kimoja."

Kanga akachagua chake, chenye mayai kumi na mawili, maana ndicho alichokijua vizuri.

"Vyema. Na hilo 'nani' lifute. Utafiti si kesi, hatutafuti mshitakiwa. Andika 'Kasi ya Upungufu wa Mayai'."

Kanga akafuta.

"Halafu usiyaatamie. Mtafiti akiikalia data yake, anaiharibu. Kaa mbali, uwe unakuja asubuhi kuhesabu tu."

Lakini nani wa kumbishia msimamizi? Akakaa mbali. Siku ya kwanza alikuta kumi, ya pili saba, ya tano moja. Kila hesabu aliiandika kwa mwandiko safi, machozi yakimtoka. Siku ya sita akaandika sifuri, akapeleka kazi.

Kenge akaisoma hadi mwisho, akaisifu, akatia sahihi.

"Mwalimu," Kanga akauliza, "aliyeyala ni nani?"

Kenge akajilamba kiini cha yai kilichomgandia mdomoni.

"Hilo, binti yangu, liko nje ya mipaka ya utafiti wako."